Kasha la Lita Nne na Nusu

Jumapili baada ya chakula cha mchana, Szeto Pui-lam aliondoa sufuria ya umeme juu ya kifuniko cha choo, akatandika gazeti hapo, akaanza kuunga kompyuta yake ya gemu. Pengine pa kuungia hapakuwapo. Yeye na mama yake walikaa mtaa wa Sham Shui Po, katika chumba kilichochinjwa. Ndivyo watu wa Hong Kong wanavyoviita vyumba hivyo, kwa kuwa mwenye nyumba huipasua nyumba moja vipande saba kama samaki, kila kipande akakipa mlango. Kitanda kilikuwa kifupi kuliko mama. Miaka kumi na moja alilala amekunja magoti, na hilo lilimuuma Lam kuliko alivyopenda kusema.

Waunga mashine ndogo hupima makasha ya kompyuta kwa lita, kama mafuta ya kula. La Lam lilikuwa la lita nne na nusu. Aliingiza pawasaplai ya kugawa umeme, kisha madabodi, ule ubao mkuu, na feni yake nyembamba, akazikunja nyaya huku akizigombeza. Lililomkera ni kwamba kila alichoingiza kiliongeza nafasi ndani ya kasha. Kadi ya picha ilipoingia, nyuma yake palibaki pa kuegesha baiskeli. Skrubu ikamponyoka, ikatumbukia humo. Aliisikia ikidunda, ikabingirika, ikazidi kubingirika.

"Si italeta shoti hiyo?" mama alisema. "Nipishe."

Akavua ndala, akaingia ndani ya kasha kwa kichwa. Alirudi baada ya robo saa, skrubu mkononi.

"Kuna dirisha," alisema. "Na vumbi kidogo."

"Dirisha kubwa?"

"La kutosha. Nipe ufagio."

Akahamia humo siku hiyohiyo. Alilala amenyoosha miguu yote miwili, na asubuhi Lam alimsikia akicheka peke yake humo ndani. Alifurahi mno, hata akachelewa kazini. Gemu alicheza kwa kiasi, maana picha zikiwa nzito mama alipata joto, akagonga bati la kasha kwa mwiko: "Wee! Unanichemsha!"

Siri haikai kwenye kuta za mbao nyembamba. Siku ya nne akaja Bwana Fok, mwenye nyumba.

"Lita ngapi?"

"Nne na nusu."

"Usinifanye mtoto. Nasikia mama yako anafanya mazoezi ya viungo humo, tena anatembea."

Aliingia, akatoka baada ya dakika ishirini akihema, nyayo za viatu zimeshika majani mabichi. Akafunua mkataba wa kupanga.

"Umeandikwa chumba na vyote vilivyomo. Kasha hili limo?"

"Limo. Lakini nimeliunga mwenyewe, Bwana Fok."

"Na umeliunga vizuri. Hongera."

Mwenye nguvu mpishe. Jumanne iliyofuata mafundi wake walipitisha mbao za jipsamu kwenye tundu la feni, na kufikia Jumamosi ndani ya kasha kulikuwa na vyumba tisa. Chenye dirisha alipewa kinyozi mstaafu. Mama alipewa kipande cha katikati, ubavuni mwa madabodi, chenye kitanda kifupi kuliko kile cha nje. Majirani wapya walikuwa watu wa heshima, wala hawakumwomba Lam lolote ila asicheze wakati wanapika.

Lam aliinamia tundu. "Magoti vipi, Mama?"

"Magoti yana nini? Wewe sikia." Mama akashusha sauti. "Hakuna kasha dogo zaidi, la kuingia humu?"

Lam alikwenda kwenye maduka ya kompyuta. Muuzaji, dada mmoja aliyekuwa akila tambi, hakuinua macho.

"La lita mbili? Foleni hiyo, kaka."

Foleni ilishuka ngazi ghorofa mbili, watu na magodoro yao, mzee mmoja na ndege wake ndani ya kizimba. Lam alisimama nyuma ya mwanamke mwenye watoto pacha.

"Mzigo utatutosha sote?" Lam aliuliza.

"Utatosha," mwanamke yule alisema. "Ila yule wa mbele anachukua wote."

Lam alichungulia juu kupitia uwazi wa ngazi. Wa mbele alikuwa Bwana Fok, pamoja na mafundi wake. Hakuna aliyetoka kwenye foleni, na Lam naye akasogea hatua moja.