Rufaa ya Mjane Aliyekaa Ndani

Mtumbwi wangu, nyavu zangu, injini yangu. Lakini kuupanda, marufuku. Kamati ya mwalo, ufuko wetu wa wavuvi hapa Ujiji, ilisema mwanamke akikanyaga chombo, dagaa wote hukimbilia Kongo. Basi mimi Hasna, wa darasa la saba, nikaenda mahakamani Kigoma mjini kudai haki ya kupanda mali yangu. Nikamshtaki mwenyekiti wa kamati, Bwana Khalfani, mtu wa swala tano na kauli mia.

Shauri likiwa linaendelea, mume wangu akafariki. Nikakaa eda. Mjane hatoki mpaka eda iishe, hata watoto wa Ujiji wanajua. Mahakamani nikaitwa, sikuonekana. Khalfani akasema hajui nilipo. Shauri likafutwa. Nilipomaliza eda nikaomba lirudishwe, nikakataliwa. Ikabaki rufaa.

Wakili mmoja wa Mwandiga nilipomweleza alicheka mpaka akavua miwani.

"Bibi, kesi hii ni kichekesho."

"Basi haihitaji wakili. Kuchekesha naweza mwenyewe."

Siku ya rufaa Khalfani alikuja na wakili wake, Pastory, mwenye tai ndefu kuliko hoja. Watu wa Ujiji walijaa mabenchi. Pastory akasimama.

"Mheshimiwa Jaji, mama huyu alilitelekeza shauri lake. Alikuwa nyumbani, mzima wa afya!"

"Kweli kabisa, Mheshimiwa," nikasema. "Naomba Bwana Khalfani aulizwe ni nani aliyenirudisha ndani."

Jaji, mama mkavu wa uso, akamgeukia. Khalfani akaanza kurekebisha kofia. Nikamsaidia.

"Uliponikuta kizingitini pale msibani, ubwabwa wa marehemu bado u mkononi mwako, uliniambiaje?"

Kukana asingeweza. Nyuma yake walikaa waliokula naye sinia moja, na uongozi wa msikiti anautaka. Akajikohoza.

"Nilimwambia, Bi Hasna, rudi ndani, uko eda. Mwanamke wa heshima hatoki, hata aitwe na serikali."

"Maashallah!" akaitikia mzee mmoja nyuma, akidhani ni darsa.

"Hata aitwe na serikali?" Jaji akarudia, huku anaandika.

"Nilikuwa natoa nasaha tu, Mheshimiwa."

"Na mimi nikazifuata," nikasema. "Kosa langu ni utiifu."

Pastory alikaa bila kuambiwa. Rufaa ikakubaliwa: shauri lirudi, lisikilizwe upya.

Nje Khalfani akanikimbilia, kofia imemkaa upande.

"Bi Hasna, tuyamalize nyumbani. Waislamu wawili tunaburuzana kortini, aibu!"

"Nipande mtumbwi wangu kesho?"

"Hilo hapana. Dagaa..."

"Basi tutaonana kwa hakimu. Safari hii nitakuwepo kila nikiitwa. Ukitaka kunizuia, njia imebaki moja: unioe, kisha ufe."

Akasimama, akashika ndevu. Wallahi, nilimwona anafikiria.