Kamati ya Kumchagua Mhalifu

Jumamosi moja baada ya mvua ya asubuhi, Goodluck alikuwa akifuta kioo cha televisheni kwa kipande cha fulana kuukuu katika banda lake la video mtaani Msamala, Songea. Bati la upande wa nyuma lilivuja, kwa hiyo mabenchi yalikuwa na unyevu na wateja wa kwanza walikalia vipande vya maboksi. Goodluck alikuwa mtu wa Moshi. Songea nzima ilimwita Mangi, naye aliitika. Siku hiyo alikuwa amepokea mzigo wa kanda za filamu uliokuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, na katikati ya kanda hizo palikuwa na sahani ya gemu ambayo hakuiagiza. Aliitia kwenye mashine aone kama ina faida.

Kioo kiliandika kwa Kiswahili kizuri kwamba hii ni demo, toleo la majaribio la mchezo wa upelelezi, na kwamba wachezaji wanaombwa kucheza kisha watoe maoni. Halafu ikaonekana barabara ya Msamala, na banda la Mangi, na bati linalovuja.

"Wamejitahidi," alisema Hamisi, fundi baiskeli, aliyekuwa benchi la mbele. "Ila barabara wameinyoosha mno."

Demo ilikuwa na kesi mbili, ya kwanza ikiwa ya kujifunzia. Ilihusu pasi ya mkaa ya Mwanaheri, mshona nguo wa jirani, iliyopotea tangu Idi. Hamisi alishika pedi. Mpelelezi, mtu mrefu mwenye koti la kijivu, alipita nyumba kwa nyumba, akapiga hodi, akauliza maswali kwa adabu, na mwishowe akafungua mlango wa nyuma wa karakana ya baiskeli. Ndani alikuwepo Hamisi, ameketi juu ya matairi, na pasi iko chini ya matairi.

Hamisi alijitazama kwa muda.

"Pua hii si yangu," alisema.

"Bonyeza, kaka, watu wanasubiri," alisema Mwanaheri, ambaye alikuwa ameketi nyuma yake na kitambaa cha mteja mapajani.

Hamisi akabonyeza jina lake. Miguu yake ikanyanyuka, ikampeleka karakana na kumrudisha na pasi mkononi, imepigwa brashi. Mwanaheri aliikagua, akasema mpini umelegea, akashukuru. Hamisi akaenda kusimama mwisho wa foleni ili acheze tena. Maoni yake yalikuwa kwamba mchezo ni mzuri lakini mpelelezi anatembea polepole.

Hadi jioni maoni yalikuwa yamekusanyika ya kutosha. Karani mmoja aliyehamishiwa Songea kutoka Dodoma, na ambaye hakuacha kuwakumbusha watu jambo hilo, alisema mchezo hauna uhalisia wowote. Mpelelezi amezunguka mtaa mzima na hajamwomba mlalamikaji hela ya mafuta ya gari. Mchezo wa namna hiyo unaweza kuwapotosha vijana. Mwingine aliuliza mbona hakuna bunduki. Katekista alisema yule mama wa nyumba ya kwanza kupigiwa hodi angevaa gauni refu kidogo.

Kesi ya pili ilikuwa ya moto. Msamala wote uliujua moto huo. Ulikuwa umeteketeza ghala la tumbaku la Chama cha Msingi Tuinuane, mwaka uleule ambao wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia kwenye tumbaku na kila kitu kikawa ruksa. Wakulima waliambiwa kwamba marobota yao yote yameungua, kwamba chama kinasikitika pamoja nao, na kwamba mlinzi wa ghala, Saimon, alikutwa getini na dumu la mafuta ya taa. Saimon alikuwa mahabusu tangu siku hiyo. Hukumu yake ilikuwa isomwe Jumatatu ya wiki ya pili.

Kwenye kioo mambo yalionekana kwa mpangilio. Jua lilikuwa bado halijazama. Mwenyekiti wa chama, Mzee Tadei, alimwita Saimon na kumtuma mafuta ya taa dukani. Saimon alipokata kona, lori la mnunuzi binafsi liliingia kinyumenyume, likapakia marobota hadi la mwisho, likaondoka. Mzee Tadei alibaki peke yake na kiberiti. Kisha ghala likawaka, na moshi ukatoka kwa matundu ya nyuma ya televisheni ukajaa bandani.

Wachezaji walikohoa. Lakini hawa walikuwa watu waliozaliwa kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, na pua zao zilijua kazi.

"Humu tumbaku hakuna," alisema Hamisi. "Hii ni mikeka na mbao."

"Hakuna hata jani," waliafiki wengine.

Wakaomba watengenezaji wapunguze moshi, kwa sababu unaumiza macho.

Baada ya moto, mpelelezi alimhoji mlinzi. Mlinzi huyo alikuwa Saimon mwenyewe, akiwa na shati lile alilokamatwa nalo. Kila mchezaji alimuuliza alikuwa wapi, naye alijibu kwamba alitumwa mafuta. Waliuliza nani alimtuma, akajibu kwamba ni Mwenyekiti. Kufikia siku ya tatu sauti yake ilikuwa imekauka. Wachezaji walitoa maoni kwamba mlinzi anajirudia.

Dada yake Saimon, Aurelia, alipata habari sokoni, ambako alikuwa akiuza nyanya. Alikwenda nyumbani, akasonga ugali, akachuma majani ya maboga akapika likolo, mboga ya kwao, akapakua vyote kwenye sahani, akaifunga kwa kitambaa na kuja bandani mchana. Watu walimpisha. Goodluck hakumtoza kiingilio.

"Kaka," alisema Aurelia.

Saimon aligeuka kutoka kwa mpelelezi. "Umekuja, dada."

"Nimekuja. Wanakupa chakula huko?"

"Huku hawapiki. Wanauliza tu."

Aurelia akasogeza sahani hadi kwenye kioo, na sahani ikapita. Goodluck alimwomba kwamba siku nyingine asilete kitu chenye mchuzi mwingi, maana televisheni ni ya mkopo. Saimon alinawa, akala, akarudisha sahani tupu. Jioni hiyo askari wa mahabusu walishangazwa kidogo tu na jambo moja: Saimon alikataa maharage, akasema ameshiba. Mgawo wake wakala wao.

Mwisho wa kesi ya pili kioo kiliandika kwamba kesi hii huamuliwa mara moja tu, na kwamba jina litakalochaguliwa na wachezaji ndilo litakaloshika. Kwa kuwa pasi ya Mwanaheri ilikuwa imerudi, hapakuwa na mtu wa kubishana na maandishi hayo. Aurelia alisimama mbele ya mabenchi.

"Ndugu zangu, mmeona wenyewe. Bonyezeni Tadei, kaka yangu atoke. Ni kidole kimoja tu."

Hamisi alikuwa na pedi mkononi wakati huo. Aliitazama kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshike, akaiweka juu ya benchi.

"Dada Aurelia, sisi tuko na wewe," alisema. "Lakini jambo la watu wote haliamuliwi na kidole cha mtu mmoja. Itabidi tukae."

Walikaa Jumamosi iliyofuata. Watu wa Msamala walikuwa wamepitia vijiji, vyama, matawi na mashina, na hata sasa ambapo kila mtu aliruhusiwa kula peke yake, hawakuwa wamesahau namna ya kuendesha kikao. Mwalimu Edna, aliyekuja Songea kutoka Mbeya na kusifika kwa mwandiko, alichaguliwa katibu. Aliandika ajenda ubaoni: kufungua kikao, kumchagua mwenyekiti, kupokea maoni ya wachezaji, kumchagua mhalifu, mengineyo, kufunga.

Ajenda ya pili ilikosa mtu wa kujitolea. Hamisi akasema hajui kusimamia watu, anajua spoki. Karani wa Dodoma akasema yeye ni mtumishi wa umma na hafungamani na upande wowote.

"Tuseme ukweli," alisema Hamisi. "Hapa mtaani mwenye uzoefu wa uenyekiti ni mmoja."

"Kweli," walisema watu. "Ni mmoja."

"Lakini ndiye aliyemo ndani," alisema Aurelia, akionyesha televisheni.

Mwalimu Edna aliinua chaki. "Hoja yako ni nzito, dada, na nimeipokea. Itaingia kwenye mengineyo."

"Mengineyo ni baada ya kumchagua mhalifu."

"Ndivyo ajenda ilivyopangwa. Siwezi kuruka."

Mtoto akatumwa kumwita Mzee Tadei. Alikuja na koti lake la vikao na kofia. Watu wote wakasimama. "Shikamoo mzee," walisema, naye akaitikia marahaba akipita kati ya mabenchi, akaketi kwenye kiti pekee chenye mgongo. Aliwashukuru kwa imani waliyomwonyesha. Alisema kwamba hakuomba nafasi hii, na hilo lilikuwa kweli. Hakuwahi kuiomba hata mara moja kati ya mara zote alizoipata.

Goodluck akawasha mashine. Kikao kilitazama kesi ya pili kwa utulivu, tangu dumu la mafuta hadi lori, tangu lori hadi kiberiti. Mzee Tadei alijitazama akisimamia upakiaji wa marobota, akatikisa kichwa.

"Shati wamepatia," alisema. "Ila mimi sisimami nimejikunja vile. Katibu, andika."

Mwalimu Edna aliandika.

Kisha Mwenyekiti akapokea maoni ya jumla. Mwendo wa mpelelezi ukajadiliwa kirefu. Moshi ukajadiliwa. Gauni likajadiliwa na kupelekwa kwa kamati ndogo ya akina mama. Mwenyekiti alisema mchezo kwa ujumla ni mzuri, unafundisha, ila unakosa kidogo moyo wa kujenga taifa. Watu walipiga makofi.

Ilipofika ajenda ya kumchagua mhalifu, majina yalitokea kwenye kioo: Tadei, Saimon, mnunuzi binafsi, moto wenyewe. Mzee Tadei alivaa miwani akayasoma yote kwa sauti, likiwemo la kwake, bila kupunguza wala kuongeza.

"Uwanja ni wenu," alisema. "Anayetaka kutaja jina anyooshe mkono, asimame, anitazame, aseme. Mimi ni baba yenu, sina kinyongo."

Aurelia alinyoosha mkono, akasimama, akamtazama. "Tadei," alisema.

"Asante, mwanangu. Yuko anayeunga mkono?"

Hamisi alikuwa anajikuna shavu. Mkono wake ulikuwa juu kidogo ya bega, na kwa muda watu walidhani utaendelea kupanda, lakini ulikuwa umefika ulikokuwa ukienda. Mwanaheri alikuwa anatafuta sindano aliyoiangusha. Karani wa Dodoma alitoka nje kuangalia kama mvua inarudi.

"Hoja imekosa wa kuiunga mkono," alisema Mzee Tadei kwa upole. "Sasa naona kikao kimechoka. Wangapi wanakubali Mwenyekiti abonyeze kwa niaba yao?"

Mikono ilinyanyuka mingi, kwa haraka na kwa shukrani.

Mzee Tadei hakuwahi kushika pedi maishani mwake, hivyo Hamisi alimwelekeza kitufe. Akabonyeza Saimon. Ndani ya kioo Saimon alivua kofia yake ya ulinzi. "Haya, Mwenyekiti," alisema, akaingia mlango uliokuwa nyuma ya mpelelezi, ukafungwa. Kioo kikawashukuru wachezaji wote kwa maoni yao. Mvua ilianza kupiga bati, Mwenyekiti akafunga kikao, na mengineyo yakaahirishwa.

Jumatatu hukumu ilisomwa asubuhi. Haikuwa na maneno mengi: mhalifu ni Saimon.

Miezi michache baadaye mchezo kamili ulifika kwa basi, nao haukuwa umeagizwa na mtu. Watu wa Msamala waliona fahari kubwa, kwa sababu maoni yao yote yalikuwa yamefanyiwa kazi. Mpelelezi alitembea upesi. Gari lake lilisimama mlangoni pa kila mlalamikaji hadi apewe hela ya mafuta, na karani wa Dodoma alisema sasa huu ni mchezo. Gauni lilifika kwenye vifundo vya miguu. Moshi haukutoka tena. Mzee Tadei alisimama wima kabisa, akiwafariji wakulima mbele ya ghala linaloungua, na lori halikuwepo. Kioo nacho kilikuwa kioo tu. Aurelia alijaribu kupitisha sahani, ikagonga.

Aliomba pedi. Alimuuliza mlinzi alikuwa wapi.

"Nilichoma mimi," alijibu mlinzi.

Aurelia aliuliza tena. Nyuma yake foleni ilianza kunung'unika. Akauliza mara nyingine, akasogeza sikio.

"Sauti hii si yake," alisema. "Sura ni yake. Sauti ni ya mtu mwingine, mtu wa Pwani huyu."

Hamisi alisikiliza, akakubali. Mwanaheri akakubali. Ilikuwa kweli kabisa, na lilikuwa kosa la wazi ambalo wengine hawakuligundua. Mwalimu Edna aliandika kwamba wachezaji wa Msamala wanaomba sauti ya mlinzi irekebishwe, na mara hii hoja iliungwa mkono na watu wote.

Sahani ya gemu iliyofuata ilikuja kabla ya mavuno. Goodluck alimwita Aurelia kutoka sokoni awe wa kwanza kuisikia, kwa kuwa maoni yalikuwa yake, na watu walimwachia benchi zima. Mpelelezi aliuliza. Saimon alikohoa kidogo, kama alivyokohoa siku zote tangu alipoanza kazi ya ghala, akavuta yale maneno taratibu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kingoni.

"Nilichoma mimi," alisema.

Banda zima lilimtazama Aurelia.

"Ndiyo," alisema. "Hiyo ni yake."

Watu wakapiga makofi, wakasema waliotengeneza mchezo huu ni watu wanaosikiliza.