Saa Yangu ya Kuzamia

Nina habari mbili, na ile nzuri ndiyo iliyozaa mbaya, kwa hiyo naanza na nzuri: nimepata kazi! Askari wa hifadhi, hapa hapa kwenye ghuba yetu ya San Ireneo, mwanamke wa kwanza. Barua ilinikuta chuoni La Paz Ijumaa, Jumamosi asubuhi niko kwenye basi nimeikumbatia kama mtoto. Sikumpigia mtu simu. Nilitaka kaka yangu Rubelio awe wa kwanza kujua, na ajulie kule chini, kwenye ukuta wa matumbawe, mita ishirini na sita, aliponifundisha kuzamia.

Nikamkuta ufukweni anawavua wageni mitungi ya hewa. Wale wa barakoa na mrija walikuwa bado wanaelea kwenye maji ya kiunoni, wanamfukuzia kasa mmoja maskini. Rubelio alishazamisha makundi mawili tangu asubuhi. Akasema amechoka. Nikambembeleza, na Rubelio hajawahi kuniweza nikibembeleza.

Sasa, sisi tunaozamia tunavaa saa inayohesabu kina na muda. Ikikwambia panda, unapanda. Ya kwake alikuwa amemwazima mgeni ambaye ya kwake ilizima, na mgeni kashaenda nayo kula.

"Tutatumia yako, profesa," akasema.

Nikaona sawa tu.

Kule chini nikatoa kibao, nikaandika kwa penseli: NIMEPATA KAZI. NI HAPA. Alicheka mpaka barakoa ikaingia maji. Akaninyang'anya penseli: SASA UTANIKAMATA? Nikaandika, akaandika, kama watoto wa viti vya nyuma darasani. Kila akininyooshea kidole kuulizia saa, namwonyesha mkono: dakika bado zipo. Na kweli zilikuwepo, za kwangu. Saa ilihesabu kuzama kwangu mara moja. Mwili wake ulikuwa umezama mara tatu, na kila kuzama huacha gesi kwenye damu. Hilo nimelisomea, jamani. Nimelifanyia mtihani.

Tulipotoka alikula tortila mbili za samaki, akaanza kujikuna mapaja, anasema ana sisimizi. Baadaye akasema hausikii mchanga chini ya nyayo. Alijaribu kusimama, akakaa tena, akanitazama. Hakuwa anatania.

Mjomba Abundio akaitwa. Yeye ni wa enzi za mpira wa hewa, kabla ghuba haijawa hifadhi, walipokuwa wanashukia kombe za baharini huku wanavuta kwa mpira hewa ya kompresa iliyoko botini. Dawa yao ilikuwa moja: ugonjwa wa maji unarudishwa majini. Mtu akizidiwa wanamshusha tena mita tisa, wanampandisha polepole. Mjomba mwenyewe alishushwa mara tatu, na leo anatembea. Kwa fimbo, lakini anatembea. Alipofika tu akaanza kufunga mtungi mpya.

Nikakataa. Tulichofundishwa ni oksijeni, halafu mbio kwenye chumba cha shinikizo cha hospitali, La Paz, masaa matatu kwa gari.

"Masaa matatu," Mjomba akasema. "Na maji yako hapo, hatua kumi."

"Akizimia huko chini utamfanyaje?"

"Nitamshika. Wenzangu walinishika."

"Na wale ambao hawakushikika?"

Mjomba akaendelea kukaza mtungi. Rubelio, kalala mchangani, akatuambia tuache kugombea maiti ambayo bado inasikia. Kisha akanishika kifundo cha mkono.

"Amua wewe, Nere. Ndiyo maana tulikusomesha."

Nikaamua gari.

Mvua ya juzi yake ilikuwa imejaza korongo linalokatiza barabara. Tukakaa ukingoni kungoja maji yapungue, pikapu imezimwa, na hapo hapo nikausikia mtungi wa oksijeni unakoroma, unakwisha. Tulifika baada ya masaa saba. Daktari akasema uamuzi wangu ulikuwa sahihi. Akasema pia miguu haitarudi. Yote mawili kwa sauti ile ile.

Nyumbani Rubelio amewaambia wote kwamba saa yake ilimdanganya.

Hizo ni wiki tatu zilizopita. Jana, kwa sababu naanza Jumatatu na Rubelio kanikalia kooni niseme, nikamwambia Mama habari ya kazi, mezani. Mama akalia kidogo, akafurahi, akanipakulia. Kisha kijiko kikabaki hewani.

"Barua ilikuja lini?"

"Ijumaa ile, Mama."

"Ukamwambia nani?"

Rubelio akasogeza kiti chake cha magurudumu.

"Aliniambia hospitalini. Kaongea saa nzima, na mimi sina miguu ya kumkimbia."

Mama akampiga begani na kitambaa, akamwambia ana ulimi wa shetani, na kijiko kikashuka.

Mjomba Abundio alikuwa anakula nasi. Saa ya Rubelio ipo msumarini karibu na mlango. Yule mgeni aliirudisha, nzima, inahesabu. Mjomba aliiangalia ile kwanza. Halafu akaangalia hii ya mkononi mwangu, akaiangalia kwa muda mrefu. Kisha akaniomba nimsogezee maharage, nami nikamsogezea kwa mkono mwingine.