Mayai ya Jogoo wa Mama

Kuku wangu alipoanza kuatamia nilifurahi mno. Alijivimbisha kwenye boksi lake la mbao nyuma ya jiko, akatutolea macho, akamdonoa mume wangu hadi damu. Mume wangu ni seremala, msumeno haumtishi, lakini siku hiyo alirudi ndani akipuliza kidole.

"Mwenzio huko nyuma hana utani," aliniambia. "Mimi simo."

Furaha yangu ilikuwa na sababu. Marehemu mama aliniachia jogoo wake kishingo, yule mwenye shingo tupu nyekundu isiyo na unyoya hata mmoja, mbaya wa sura mpaka unampenda. Aliniachia mimi kwa kuwa ndiye niliyemuuguza. Ugonjwa wa kuku ukapita mtaani, jogoo akafa. Kilichobaki kwake ni mayai niliyokuwa nimeyahifadhi kwenye bakuli la pumba, na hayo ndiyo niliyomtilia kuku wangu. Yasipoanguliwa, basi, mbegu ya kuku wa mama imekwisha duniani.

Kila yai nililichora kwa mkaa alama ya mama, duara lenye mkia, ili kuku wengine wakija kutaga pale mayai yao yasichanganyike na yale. Alama hiyo mama alitufundisha sisi wawili tu, mimi na dada yangu.

Dada ndiye aliyejitolea kumwangalia kuku nilipoitwa kwenda kushona sare kwenye shule moja ya bweni.

"Nenda mdogo wangu, katafute riziki," alisema. "Kuku niachie mimi. Kwani hawa si wa mama?"

Alikuja na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Mimi mjinga nikampikia chai, nikamshukuru, nikaondoka na mkasi wangu.

Niliporudi, kuku alikuwa bado amelala juu ya mayai, amekonda, kishungi kimempauka. Siku za kuangua zikafika, zikapita. Nikamlaumu mume wangu na kelele za nyundo yake. Nikamlaumu kuku mwenyewe, nikamwita tasa mbele ya wenzake. Dada nilipompigia simu, alicheka.

"Kuku wako ana gundu. Mtose kwenye maji baridi, ataacha kuatamia."

Kabla ya kumtosa nilivunja yai moja kwenye bakuli. Kiini kilikuwa kimelegea, ute umekuwa maji, wala hapakuwa na uzi wa damu. Nikavunja la pili, nikaendelea. Yote yalikuwa hivyohivyo, mayai ya dukani yasiyojua jogoo. Nilipolishika la mwisho ndipo nikaitazama alama yake vizuri. Mkia ulielekea kulia. Mimi natumia mkono wa kushoto, na mikia yangu yote huelekea kushoto. Mama alikuwa akinicheka kwa hilo tangu utotoni.

Ingekuwa ni mwizi wa mtaani ningetukana nikapona. Huyu aliketi jikoni kwangu akachora alama ya mama yetu juu ya uongo.

Nilikwenda kwake na lile yai mkononi. Dada alikuwa uani akimwaga maji.

"Karibu," alisema, kisha akaliona yai, akaitua ndoo.

Nyuma yake kuku wake alikuwa akiparua, na vifaranga wakimfuata, shingo tupu, wekundu, wabaya wa kupendeza. Nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja.

"Dada, si ungeniomba tu?"

"Nikuombe? Jogoo mama alikupa wewe. Cherehani alikupa wewe. Halafu mimi nije na bakuli, nikuombe mayai ya mama yangu?"

"Ningekupa nusu."

"Najua. Ndiyo maana sikuomba. Ungenipa, halafu ningekushukuru mpaka nife."

"Na gundu je? Ulivyonicheka kwenye simu?"

Aliinama, akawakamata vifaranga kadhaa, akawatia kwenye boksi la viatu, akanisogezea.

"Chukua. Waingize chini ya kuku wako giza likianza. Atawapokea."

Niliwatazama. Nikaliweka lile yai chini, karibu na mguu wake, nikageuka. Kushukuru mimi? Kwa kilicho changu? Nilitembea hadi nyumbani na hasira yangu.

Kuku alikuwa amelala juu ya mbao tupu. Nilijaza beseni maji, nikamtosa kama nilivyoshauriwa. Hakupiga kelele. Alitoka akichuruzika, akarudi moja kwa moja kwenye boksi lake, akatandaza mabawa yaliyolowa, akaanza kusukuma kwa mdomo chini ya kifua chake, akiyatafuta mayai.

Nikachuchumaa pale nikalia. Ningemwambiaje kwamba vifaranga wake walikuwepo, wamewekwa tayari kwenye boksi, na mimi ndiye niliyewakataa?