Kicheko Kilichokatwa

Mwatate yote iliitazama video ya Ogutu akipigwa. Waliitazama kwa kinyozi, waliitazama sokoni, hata matangani, sahani ya wali mapajani na simu mkononi, wakiambiana, "Ngoja, hapo ndipo anapoanguka." Mtu mmoja tu hakuitazama: mamake, Ajwang', mkata mkonge, ambaye kila alipoona vichwa vitatu vimeinamia simu moja alipita njia nyingine.

Aliyempiga alijulikana. Ni Musyimi, msimamizi wa shamba la mkonge, aliyemsingizia kijana wizi wa betri ya trekta, akampiga hadi roho ikatoka. Lakini polisi walipouliza, kumbe siku hiyo kila mtu alikuwa kipofu. Ikabaki video, nayo waliipata kwa aliyetumiwa na mtu aliyetumiwa na mwingine.

"Mama, jaji hataikubali hivi," wakili wa serikali alimwambia Ajwang' huko Voi. "Tunamtaka aliyerekodi, aje na simu yake, atie sahihi kwamba haijaguswa. La sivyo Musyimi anaenda nyumbani."

Basi ikambidi aitazame. Hakuweza, alifumba macho akabaki na masikio. Mwanawe aliita, "Mama," na papo hapo, karibu kabisa na simu, mtu akacheka. Kicheko chembamba, kinachoishia kwa kwikwi. Kilikuwa cha Branice, mwimbaji mwenzake wa kwaya, yule aliyelia matangani hadi akamwagiwa maji. Kwaya nzima inakijua kicheko kile, na hakuna aliyefungua kinywa. Kweli, mla nawe hafi nawe.

Ajwang' alienda nyumbani kwa Branice jioni ile. Hakumtukana. Alipiga magoti sakafuni kwa mtu aliyemcheka mwanawe akifa.

"Nilicheka kwa woga, mama Ogutu," Branice alisema. "Woga tu."

"Sikuja kwa sababu ya kicheko. Njoo useme ni wewe uliyerekodi. Basi."

Branice akakubali. Akamkumbatia, na juu ya hayo akaomba sala, tena ndefu.

Siku ya kesi alikuja na simu yake, amevaa sare ya kwaya. Alikula kiapo, akasema video haijaguswa, akatia sahihi. Wakili wa Musyimi akaomba ichezwe, kisha ichezwe na ile ya polisi. Halafu akauliza taratibu, kama mtu anayetoa miiba ya samaki:

"Kwenye ile ya polisi, kijana anapomwita mamake, kuna sauti ya mtu. Kwenye yako pako kimya. Hapo palikuwa na nini?"

Branice aligeuka akatazama nyuma, walikoketi wanakwaya.

"Shahidi," jaji akasema, "kama ulikata kitu, sema ni nini na kwa nini. Nitayapima maneno yako."

Ajwang' alimkazia macho. Sentensi moja tu ilitakiwa, hata kama ni ya aibu.

"Ni upepo, mheshimiwa," Branice akajibu. "Kulikuwa na upepo mwingi. Simu iliutoa yenyewe."

Jaji akaikataa video, na bila video hapakuwa na kesi. Musyimi alitoka kizimbani akinyoosha kola ya shati, akampita Ajwang' karibu hata akasikia manukato yake.

Nje, Branice alimfuata mbio, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa analia tena, maana huyo machozi hayampi taabu.

"Mama Ogutu, nielewe. Ningesema, kanisani wangenionaje?"

Ajwang' aliuchomoa mkono wake. Akaupangusa kwa leso, kidole kimoja kimoja, kama aliyeshika kinyesi, na Branice amesimama pale akitazama. Leso haikutosha. Akamwendea askari wa mlangoni akamuuliza maji ya kunawa yako wapi.