Mashine Yenye Haraka

Mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Naogopa radi, naogopa mbwa wa jirani, naogopa hata simu inayolia kabla sijanywa chai. Kitu pekee ambacho sikuwahi kukiogopa ni kompyuta, na ndiyo iliyokuja kunikausha mate.

Mimi ni fundi wa kompyuta wa hospitali. Dada yangu mkubwa anafanya kazi hapohapo, katika chumba cha mvuke. Humo ndimo visu, mikasi na koleo za upasuaji hufungwa kwenye vitambaa na kuingizwa ndani ya mtambo mkubwa wa chuma tunaouita Sufuria, vikae kwenye mvuke mkali mpaka kila kijidudu kife. Sufuria huongozwa na kompyuta. Ile ya zamani, ambayo dada aliibatiza Bi Kizee, ilikuwa imechoka kupita kiasi, inakohoa na kunguruma siku nzima, hadi asubuhi moja ikazimika na haikuwaka tena.

Wakubwa wakanunua mpya. Nyembamba, inang'aa, haina kelele. Dada aliizunguka, akaguna, akasema, "Ama huyu ni Bwana Harusi." Jina likashika. Shida ilikuwa programu ya kuongoza Sufuria. Walioiandika walikwisha kufunga ofisi yao zamani, na yenyewe haikutaka kusikia mfumo endeshi wowote isipokuwa ule wa enzi zake, ambao hata waliouuza wameshausahau. Kwa hiyo nikamvua Bwana Harusi mfumo wake mpya, nikamvika wa babu yake. Aligoma. Kipanya hakikuonekana, rangi za skrini zikawa vituko, akawa anazimika katikati ya kazi. Nikambembeleza, nikamlazimisha, mwishowe akakubali. Tukapakia mzigo wa majaribio. Joto likapanda, skrini ikahesabu dakika zake zote mpaka mwisho, kengele ikalia, na utepe unaobandikwa kwenye kila furushi ukatoa mistari myeusi kama kawaida. Watu wakanipigia makofi. Kichwa kikanivimba, sitaficha.

Haikupita wiki mke wangu akalazwa. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na daktari alikuwa amesema wa pili naye atatoka kwa mlango huohuo. Uchungu ulimwanza mapema kuliko walivyopanga. Nilipofika wodini nilimkuta ameshavalishwa joho la kijani, na mimi magoti yananigongana.

"Baba watoto, mbona unatetemeka wewe?" akanicheka. "Anayepasuliwa ni mimi."

Kitanda cha jirani alilala mama mwingine aliyejifungua kwa upasuaji siku chache kabla, kichanga chake kimelala ubavuni. Wodi ilikuwa na joto, lakini yeye alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni. "Shemeji, nifungie hilo dirisha," akaniomba. "Kuna baridi leo." Nikalifunga, akanishukuru, na mimi nikaendelea kumkodolea macho mke wangu. Muda si muda wakaja na kitanda cha magurudumu wakamchukua.

Baba hana kazi mlangoni mwa chumba cha upasuaji, anazuia njia tu. Nikaenda kujificha kwa dada. Nilimkuta mbele ya lundo la vitambaa, anakunja. Sufuria ilikuwa inapika mzigo mwingine.

"Kaa, mdogo wangu. Furushi la wifi nimelifunga kwa mikono yangu hii, limeshafika kwa daktari. Unywe maji, uso umekupauka." Akaendelea kukunja huku akitabasamu. "Na huyu Bwana Harusi wako, Mungu ambariki. Ana mbio huyo! Enzi za Bi Kizee, joto likishapanda naanza kukunja, namaliza lundo zima ndipo kengele inalia. Sasa hivi hata nusu sijafika, kwisha kazi."

Nikacheka. Kisha kicheko kikanigandia mdomoni.

Kompyuta haichemshi maji. Mvuke ulikuwa uleule, chuma kilekile, na vijidudu havijui kama hospitali imenunua kompyuta mpya. Vinataka dakika zao kamili ndipo vife. Nikainuka, nikaisogelea skrini. Sekunde zilikuwa zinapita pale mbiombio. Nikatazama saa ya ukutani. Mshale wake ulikuwa unajikokota taratibu, tiki, tiki, na kwenye skrini dakika nzima ilikuwa imekwisha.

"Dada, hiyo saa ya ukutani ni nzima?"

"Nzima kuliko wewe. Una nini?"

Nilikuwa nimeshaelewa, na laiti nisingeelewa. Ile programu haikuwa na saa. Iliandikwa wakati kompyuta zinatambaa, na waliiandika ihesabu mizunguko ya ubongo wa kompyuta, mizunguko kadha wa kadha ndiyo sekunde moja. Ubongo wa Bwana Harusi unazunguka kwa kasi ambayo wale watu hawakuiota. Kwa hiyo sekunde zake zilikuwa za uongo, na dakika zake za uongo, na siku ile ya majaribio mimi fundi mzima niliitazama skrini tu. Saa ya mkononi sikuitupia hata jicho.

"Vifaa haviivi," nikasema. "Tangu Bwana Harusi aje, dada, hakuna kilichoiva."

"Acha mzaha. Utepe si unatoka mweusi?"

"Utepe ukiguswa na mvuke mkali unageuka. Hauulizi umekaa humo muda gani."

Kitambaa kilimdondoka. "Wifi," akasema.

Nikatoka mbio. Nitakuwa mwongo nikisema sikuiwazia kazi yangu. Niliiwazia, pale kwenye kona ya maabara, na miguu ikanipungua kasi. Labda nimekosea hesabu. Labda furushi lake limebahatika. Nikimwaga mtama huu, kesho sina pa kwenda. Halafu nikauona mkono wa mke wangu unaniaga kutoka kwenye kile kitanda cha magurudumu, na aibu ya kupunguza mwendo ikanichoma kuliko hofu yenyewe. Nikakimbia tena.

"Shemeji, huku hakuingiwi!" Nesi wa mlangoni alinisukuma kifuani.

"Wasimamishe! Vifaa si safi! Hakuna furushi lililo safi!"

Mlango ukasukumwa kwa bega, daktari wa upasuaji akatokeza, mikono yenye glavu ameiinua mbele ya kifua asiguse kitu. Macho yake juu ya barakoa hayakuwa na utani.

"Nani anasema?"

"Mimi. Niliyeiweka kompyuta. Inahesabu muda upesi mno, vifaa haviivi. Umeshamkata?"

"Nilikuwa nanyoosha mkono nipewe kisu."

Nikashika ukuta. Yeye hakuwa na nafasi ya kushika kitu. "Nisikilize. Mapigo ya mtoto yanashuka, siwezi kungoja mpike upya. Kuna furushi lolote lililopikwa kabla ya hiyo kompyuta?"

Sikujua. Katika maisha yangu yote ya woga sijawahi kuogopa namna ile. Nilijiona narudi nyumbani peke yangu, mwanangu mkubwa ananiuliza mama yuko wapi.

"Lipo la giza!" Alikuwa dada, anatweta kwenye korido, kiatu kimoja kimemvuka. "La siku umeme ukikatika! Liko rafu ya juu, alilipika Bi Kizee, halijaguswa!"

"Lina kila kitu?"

"Mpaka majoho na vitambaa."

"Lilete. Na sisi tunavua hivi tulivyovaa."

Dada alirudi amelikumbatia, mbio, ingawa goti lake moja ni bovu, wala hakulalamika. Mlango ukafungwa. Tukakaa kwenye benchi, mimi na yeye. Hakunilaumu. Alikuwa anakunja upindo wa gauni lake, anaukunjua, anaukunja tena, mpaka nikamshika mikono.

Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira, sauti kubwa ya mtu aliyeamshwa vibaya, na dada akaniangukia begani tukalia naye.

Daktari alitoka barakoa ikiwa shingoni. "Binti. Mama yake mzima." Hakunipa mkono wala hakunigombeza, na ningeona afadhali angenigombeza. "Hiyo kompyuta imefanya kazi tangu lini?"

Nikamwambia.

"Basi Sufuria ifungwe, wagonjwa wa leo wote warudi wodini. Na wote waliopasuliwa tangu siku hiyo tuwapime sasa hivi, waanze dawa, na waambiwe ukweli. Tunaanza wodi hii ya kina mama. Twende wote, maana watauliza maswali na mimi kompyuta siijui."

Tulikifuata kitanda cha mke wangu wodini. Alikuwa bado na usingizi, binti yetu amelazwa kifuani pake, amekunja ngumi. Nikamgusa shavu kwa kidole kimoja. Nilitaka kubaki hapohapo, nisigeuke.

"Hongera, shemeji," sauti ilisema nyuma yangu.

Nikageuka. Mama wa kitanda cha jirani alikuwa anatabasamu, ila meno yalikuwa yanagongana na uso umelowa jasho. Mtu alikuwa amemwongezea blanketi la pili. Daktari alimwekea kiganja kwenye paji la uso, hakukiondoa upesi, kisha akaniangalia mimi.

"Wa kike, eh? Atacheza na wangu," yule mama akasema, akimvuta mwanawe karibu. "Shemeji, samahani nakusumbua tena. Nifungie hilo dirisha."

Dirisha lilikuwa limefungwa tangu asubuhi. Nililifunga mwenyewe. Nikavuta kiti, nikaketi karibu naye, nikaanza kumwambia.