Bomba la Moshi Kwenye Picha

Radivoj alionyesha picha baani, na kwa picha hiyo akampoteza samaki wa Mzee Sredoje. Hakuibiwa akiwa amelala. Aliitoa mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa na glasi mbili tu za rakia, pombe kali ya matunda, tumboni.

Samaki huyo alikuwa karpi jike, mzito kama mtoto wa kubebwa mgongoni, mwenye magamba machache makubwa ubavuni na ncha ya mkia iliyokatika. Aliishi kwenye mkono wa zamani wa mto uitwao Tisa, pale mto ulipohama njia na kuacha maji yaliyotulia katikati ya matete. Sredoje alimwita Mama Mkwe. "Anakula kwako kila siku," alisema, "na bado hakutaki."

Kwa miaka mingi Sredoje alimlisha, akamvua, akamrudisha majini. Miguu ilipomfia kitandani, alimwita jirani yake Radivoj, mpakia magunia kwenye ghala la nafaka, akamrithisha mahali pale kama mtu anavyorithisha shamba. Usimpeleke mtu. Usimtoe samaki akaenda jikoni. Na kila jioni ukitoka huko, pitia dirishani kwangu unisimulie.

Radivoj hakuwa mtu wa kukesha mtoni na mahema kama vijana wa mjini. Yeye alikwenda kwa muda mfupi tu baada ya kazi, jua likiwa limeinama. Ufito mmoja wa kuvulia, ndoo ya mahindi ya kuchemsha, mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe. Alitupa konzi mbili za mahindi kando ya matete, akaketi, vumbi la ghala bado likiwa masikioni. Kisha mapovu yakaanza, madogo madogo, kama sufuria inayokaribia kuchemka, yakisogea polepole kufuata ukingo. Huyo ni karpi anachimba tope. Mtu akiona mapovu yanaelekea kwenye chambo chake, anamsahau msimamizi wa kazi, anausahau mgongo wake, anasahau hata kuvuta pumzi. Mara nyingi mapovu yalipita tu. Hata hivyo Radivoj aliinuka pale akiwa mtu mwingine, ananuka tope, moyo mweupe, akaenda dirishani.

"Haya, sema. Alikuja?"

"Alikuja, mzee. Aliupiga mshipi kwa mkia, akaenda zake."

"Amekutukana huyo! Ndoano yako kubwa, bwege wewe. Nimekwambia mara ngapi?"

Sredoje alicheka mpaka akakohoa. Siku nzima alikuwa ametazama dari akiingojea habari hiyo.

Mwezi wa sita Radivoj alimvua. Mzee alikuwa amemwomba amwone Mama Mkwe mara moja tu kabla hajafa, kwa hiyo Radivoj aliiegemeza simu kwenye ndoo, akapiga magoti, akampakata samaki. Simu ikapiga picha. Akamrudisha majini kwa mikono miwili, akangoja mpaka mkia ulipomrushia maji usoni.

Sredoje aliitazama picha akalia waziwazi, akajifuta kamasi kwa shuka. Halafu akaisogeza simu machoni.

"Ifute."

"Kwa nini tena?"

"Nyuma yako hapo. Bomba la moshi la nyumba ya pampu, na kiota cha korongo juu yake. Hata kipofu atajua ni wapi."

"Nitaifuta, mzee."

Hakuifuta. Aliitazama kazini wakati wa chakula, akaitazama chooni, akaitazama kitandani mkewe akiwa amelala. Maisha yake yote alikuwa amebeba magunia ya watu wengine.

Jumamosi alikuwa baani na Živan, kumu wake, aliyesimama naye kanisani siku ya ndoa na kumshika binti yake siku ya ubatizo. Kumu anamzidi ndugu wa damu, ndugu hukumchagua. Živan alikuwa na bwawa nje ya mji, watu wanalipa kiingilio kuvua.

"Kumu," alisema Živan kwa sauti ya kusikika meza zote, "kila jioni unakwenda mtoni, lakini mwaka mzima hatujaona hata gamba. Huyo samaki wako anavaa sidiria?"

Baa nzima ikacheka.

"Mwacheni," mwingine akadakia. "Anamkimbia mkewe tu. Anakaa mateteni analia."

Radivoj alihisi masikio yakiwaka moto. Akatoa simu, akaibwaga mezani. "Tazameni hapa, wapiga domo nyie!"

Kicheko kilikatika. Watu wakachungulia juu ya mabega yake. Živan aliichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, kwanza samaki, kisha kona ya juu. Akairudisha taratibu.

"Samaki wa haki huyo, kumu. Nisamehe," alisema, akawanunulia wote kinywaji. Radivoj alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Wiki iliyofuata mapovu hayakuja. Jioni ya kwanza Radivoj alilaumu upepo. Ya pili aliyakuta matete yamekanyagwa, na matairi ya gari yamechora tope mpaka ukingoni. Ya tatu alipanda baiskeli mpaka bwawani kwa Živan. Getini palikuwa na bango jipya lenye picha ya Mama Mkwe, na chini yake: MALKIA YUMO. NJOO UMVUE.

"Mto ni wa watu wote, kumu," alisema Živan bila kuinuka kitini. "Kibali ninacho."

"Na mahindi yangu?"

"Ahsante kwa mahindi. Ulimzoesha vizuri. Sikukaa hata dakika kumi." Akatabasamu. "Usinune bwana. Wewe njoo wakati wowote umvue. Sikutozi kiingilio."

Radivoj alitema mate chini, akapanda baiskeli. Lakini dirisha lilikuwa likimngoja.

"Alikuja?" aliuliza Sredoje.

"Alikuja, mzee. Mapovu yalitokea upande wa kushoto."

Akadanganya jioni hiyo, na iliyofuata, na zilizofuata. Alikuwa hafiki tena mtoni; alikaa nyuma ya ghala mpaka jua lizame, akajipaka tope viatuni, akaenda kusimulia. Aligundua uongo unachosha kuliko magunia.

Jioni moja mwezi wa nane alimkuta mzee amegeukia ukuta.

"Leo alinipita karibu," alianza Radivoj, "kidogo tu..."

"Muuguzi anayenichoma sindano alinionyesha picha ya mumewe akiwa na samaki kule bwawani," alisema Sredoje. "Mdomo wake umechanika, Mama Mkwe wangu. Nimejua tangu Jumapili. Nilikuacha uendelee, nione utafika wapi."

Radivoj alishika fremu ya dirisha. "Mzee, nilitaka tu..."

"Funga dirisha. Kuna baridi."

Kulikuwa na joto la kukausha koo. Radivoj akafunga.

Mama Mkwe alielea tumbo juu bwawani kabla ya baridi kuanza. Živan akalishusha bango. Sredoje alizikwa mwezi wa kumi na moja, na dirisha halikufunguliwa tena kati yao. Binti wa Radivoj aliolewa bila Živan, baba yake wa ubatizo, kanisani. Ufito uko darini.

Alipoteza samaki mmoja, mzee mmoja, kumu mmoja, na jioni zote zilizobaki. Picha bado anayo.